Simu Iliyotaka Baridi

Kuna kipindi niliamini, kwa moyo wote na kwa akili yote niliyojaliwa, kwamba programu za hesabu nzito haziingii kwenye simu mahali penye joto. Zinataka baridi. Ukijaribu kuziweka bondeni, hesabu zinayeyuka njiani kabla hazijafika ndani ya simu.

Aliyeniambia ni fundi simu, jirani yangu pale Mwanjelwa. Tunatenganishwa na bati moja tu, kwa hiyo akikohoa mimi nasema pole.

"Kaka, umewahi kuingia benki?" aliniuliza.

"Nimeingia."

"Kiyoyozi je, ulikiona? Kinavuma kutwa. Unadhani wanampulizia mteja? Mteja anatetemeka pale, anasahau na sahihi yake! Wanazipulizia hesabu. Hesabu haitaki joto, mzee wa mbegu."

Mtu mwingine angecheka akaendelea na shughuli zake. Lakini mimi kazi yangu ni kuuza mbegu, na kwenye mbegu kila kitu kina mwinuko wake. Mpunga unakaa chini Usangu, viazi na njegere vinakaa juu Uporoto. Huwezi kupanda chai Igawa kule bondeni ukaibembeleza ikaota, hata uiimbie. Pakiti zenyewe zimeandikwa: hii ya bondeni, hii ya nyanda za juu. Kwa nini hesabu nazo zisiwe na mwinuko wao? Isitoshe, waliotunga programu zile walikuwa watu wa nchi za theluji. Kufikia jioni nilikuwa naamini kuliko fundi mwenyewe, na nilishaanza kuwafundisha wateja.

Simu ilikuwa yangu, lakini haja ilikuwa ya mke wangu.

Mke wangu ni mtu wa Iringa, na wakati huo alikuwa anasomea umwagiliaji kwenye chuo kimoja hukohuko kwao. Mimi nilibaki Mbeya na duka. Yeye ndiye msomi wa nyumba. Mimi elimu yangu ni ya jioni: kidato cha nne nilikimaliza nikiwa na ndevu, duka na mke, na mwalimu wa hesabu alikuwa mdogo wangu kiasi kwamba alinipa shikamoo kwanza ndipo akanipa sifuri. Baadaye nikasoma kompyuta, jioni pia. Pale ndipo nilipojifunza kwamba simu inaweza kugeuzwa karakana ya waandika programu. Unaweka kitu fulani, linafunguka dirisha jeusi lisilo na picha wala urembo, unaandika amri, nalo linajibu kwa maandishi. Mimi dirisha lile nililipenda kama mtu anavyopenda ng'ombe mkali. Sikulijua vizuri, ila nilijisifia kwamba ni langu.

Utafiti wa mke wangu ulikuwa juu ya maji ya mifereji ya mpunga kule kwetu, ng'ambo kidogo ya Igawa, ambako wazazi wangu walihamia na ng'ombe wao kutoka kaskazini kabla sijazaliwa. Alipima maji mfereji hadi mfereji, mama yangu akitembea nyuma yake na kijiti cha kupimia amekikumbatia kama mtoto wa kubatizwa. Vipimo vilipatikana vizuri. Kazi ikawa kwenye kuvikokotoa. Zilikuwa zile hesabu wanazoziita matriksi, namba zimejipanga safu kwa safu kama mpunga uliopandwa kwa kamba. Alizifanya kwa mkono, akakosea mahali pamoja, na kosa lile likazaa watoto na wajukuu mpaka ukurasa wa mwisho. Msimamizi wake akamrudishia kazi. Akampa mpaka Jumatatu. Asipowasilisha, anarudia mwaka.

Kompyuta za chuo zilikuwa na foleni ambayo zamu yake ingefika mimi nikiwa babu. Rafiki aliyekuwa akimwazima kompyuta yake alishaondoka kwenda mafunzo ya kazi. Simu ya mke wangu mwenyewe ilikuwa imejaa, hata picha moja haiingii mpaka nyingine itoke. Akanipigia.

"Sirudii mwaka mimi," alisema. "Nakwambia mapema. Jumatatu ikinikwamisha, nafunga vitabu, nakuja tuuze mbegu."

"Karibu," nikasema, nikicheka. "Nitakuweka kwenye vitunguu."

Hakucheka. Akasema, "Nimechoka, mume wangu."

Sasa nieleweke. Hakuna kitu nilichokitaka kama yeye kurudi. Nilikuwa nalala peke yangu kwenye kitanda kipana kama uwanja wa mpira, naongea na redio, nakula ugali uliopoa. Lakini nilikuwepo siku alipopata barua ya kuchaguliwa. Alipika pilau siku ya kazi, akavaa gauni la harusi ya dada yake, tukala wawili tu kama wageni rasmi. Mtu aliyefurahi namna ile ukimwona anarudi na vitabu vimefungwa kamba, huwezi kuuita huo ushindi wako.

"Nitakuwekea programu kwenye simu yangu," nikamwambia. "Ni kubwa, inabeba. Jumamosi unaikuta mezani."

Nilianzia Igawa, kwa sababu Alhamisi ile nilikuwa nimewapelekea wazazi mbegu. Nikafungua dirisha jeusi, nikaandika amri, mistari ikaanza kushuka kwa kasi kama ng'ombe wameona maji. Programu yenyewe ilikuwa haiji ikiwa imekamilika. Inakuja vipande, halafu simu inakaa inavishona yenyewe kimoja kimoja, na wakati inashona inapata joto. Joto gani! Mama aliigusa akauliza kama angeweza kubandika maharage. Nikaiacha mezani nikaenda kula. Kurudi, kazi imekufa katikati. Nikaanza upya, nikaiacha nikaenda kumsaidia baba zizini. Imekufa tena.

Siku ya pili nikajaribu dukani Mwanjelwa. Wateja wakaja, nikaitia mfukoni, ikafa mfukoni. Hapo ndipo fundi aliponipa elimu ya benki. Basi kesho yake alfajiri nikaitoa simu nje kwenye ukuta wa nyumba ninayopanga, nikaifunika bakuli ili isiibiwe, nikaenda kuoga. Asubuhi ya mwezi wa sita Mbeya siyo ya mchezo. Maji niliyojimwagia yalilia yenyewe kabla yangu. Kurudi nikainua bakuli: imekufa, tena ikiwa ya baridi kama chura.

Nikampelekea fundi kesi. Akafikiri, huku bisibisi ameing'ata kama mswaki.

"Hii ya kwetu ni baridi kavu," akatoa hukumu. "Hesabu inataka baridi mbichi. Ya ukungu."

Na baridi mbichi kuliko zote duniani, zikiwemo nchi za theluji, mimi nilikuwa naijua ilipo. Ipo uani kwa mama mkwe wangu.

Mama mkwe anakaa milimani, juu ya Iringa mjini, mahali ambapo ukungu ukishuka unaweza kuukata kwa panga na kuuuza kwa kilo. Kuku wa kule wanaamka saa tatu. Nikafunga duka mchana huohuo nikapanda basi. Ningeweza kuituma simu kama mzigo, lakini dereva wa basi angejuaje kuitunzia baridi yake?

Mke wangu alinipokea mjini, kwenye chumba alichopanga karibu na chuo. Alikuwa amekonda. Nilipomweleza habari ya baridi mbichi alinitazama kwa muda, kama mtu anayetafuta pa kuanzia.

"Nani amekwambia?"

"Fundi."

"Fundi yule aliyekausha simu ya pacha wake kwenye dagaa?"

"Ilipona, ile."

Akashusha pumzi. Siku nyingine angenibishia mpaka nikasahau jina langu. Safari hii alisema tu, "Haya. Twende kwa mama. Angalau nitakula chakula cha nyumbani." Na jinsi alivyolisema lile neno nyumbani sikulipenda. Lilikuwa neno la mtu anayeanza kupanga mizigo.

Tukapanda mlimani asubuhi na mapema. Ukungu ulikuwepo, mwema, mzito, haukuniangusha. Mke wangu akapitia kwa jirani kuchukua maziwa, mimi nikatangulia. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni na kitenge amejifunga mpaka kidevuni.

Huyu mama ni Mhehe na Mlutheri wa kweli, na tangu nimwoe binti yake amejifunza neno moja tu la Kisukuma, kwa ajili yangu mimi Msukuma. Ni salamu ya asubuhi, lakini yeye hunipa asubuhi, mchana na hata nikiwa naaga.

"Mwangaluka, baba," akasema, akitazama ukuta. Ukweni kwangu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni. Kila mtu anaongea na upande wake.

"Kamwene, mama. Shikamoo," nikaujibu mparachichi wa jirani.

"Marahaba. Karibu ndani, moto umewaka."

"Asante mama. Mimi nitakaa hapahapa uani."

"Uani? Na baridi hii?"

"Hiihii ndiyo niliyoifuata, mama."

Akaingia ndani, akatoka na kiti kizuri, kile cha sebuleni chenye kitambaa cha kudarizi. Nikamwambia asisumbuke, nikakaa kwenye gogo la kupasulia kuni. Akauliza kama ninywe chai. Nikasema hapana, naomba sufuria ya maji ya baridi, na mfuniko wake. Aliileta kwa mikono miwili.

Nikaweka simu juu ya mfuniko, nikafungua dirisha jeusi, nikaandika amri. Mistari ikaanza kushuka. Ukungu nao ukaanza kutua kwenye kioo, matone madogomadogo, herufi hazionekani. Nikafuta kwa kidole gumba. Ukatua tena, nikafuta tena. Nikawa kama mtu anayemfuta mtoto kamasi.

Ndipo nikasikia sauti ya mama mkwe nyuma yangu, ya chini, siyo ya salamu.

"Baba. Kama kuna neno, liseme."

"Neno gani, mama?"

"Mimi ni mtu mzima. Mkwe akija akakataa nyumba, akakataa kiti, akakataa chai, akakaa uani anaomba maji ya baridi, amekuja na kesi. Kwetu ni hivyo. Mke wako yuko mbali siku nyingi, najua. Umevumilia, najua. Kama umekuja kumchukua arudi kwako, niambie mimi kwanza, kabla hajafika na maziwa. Nimwandae."

Nawaambia ukweli, katika maisha yangu nimewahi kukanyaga nyoka, na nimewahi kusimama mbele ya darasa la jioni nimevaa fulana kinyume, lakini sijawahi kushtuka vile. Nikasahau adabu, nikageuka nikamtazama mama mkwe machoni kabisa. Yalikuwa mekundu.

"Mama! Nimekuja ili asome!"

Nikamweleza yote. Mifereji, matriksi, Jumatatu, fundi, benki, baridi kavu na baridi mbichi. Nilimweleza vibaya, lakini alisikiliza huku akiitazama ile simu juu ya sufuria kama anavyotazamwa mgonjwa aliyelazwa.

"Kwa hiyo huyu hapa," akanyoosha kidole, "akishiba baridi, mwanangu atamaliza shule?"

"Ndiyo, mama."

"Na wewe hutaki arudi?"

"Namtaka sana," nikasema. "Arudi akiwa amemaliza."

Akaingia jikoni, akarudi na jiko la mkaa limewaka hadi juu, anakuja nalo moja kwa moja kwenye sufuria.

"Mama, moto! Usogee, usogee!"

"Siyo wake," akasema kwa ukali. "Ni wako." Akazunguka, akaliweka mgongoni kwangu, mbali na simu, akarudi ndani bila kunitazama. Mbele niliganda, nyuma niliiva. Sijawahi kutunzwa vizuri vile.

Mke wangu alifika na maziwa akatukuta hivyo. Alicheka, ndiyo mara ya kwanza nimsikie akicheka tangu nifike. Kisha akaleta blanketi, akaketi kwenye gogo pembeni yangu, akatufunika wote wawili. Mistari iliendelea kushuka. Nilipochoka kidole, alifuta yeye. Alikuwa anaisoma kwa sauti kama matangazo ya kanisani: "Sasa anashona kipande hiki. Wanaombwa wanakwaya wabaki." Mama akapitisha chai na viazi vya kuchemsha, nikala kwa mkono mmoja, mwingine uko kazini. Ilichukua muda mrefu. Nasema mrefu: nilihisi ndevu zangu zinaota. Wala hatukuongea mambo makubwa. Aliniuliza kama yule paka wa dukani amezaa. Nilimwambia amezaa, na mtoto mmoja amechukua macho ya fundi.

Kuna wakati mistari ilisimama. Akanishika mkono.

"Imekufa?"

"Subiri."

Nikafuta kioo. Chini kabisa kikatokea kile kialama kidogo kinachopepesa, cha kusema: nimemaliza, niambieni.

Mke wangu akaichukua simu kutoka juu ya mfuniko. Akaandika vinamba vichache, matriksi ya kitoto ambayo jibu lake analijua. Jibu likaja, na lilikuwa lenyewe. Akaanza kuingiza vipimo vyake, mfereji kwa mfereji, midomo inatembea bila sauti. Mimi nilikuwa nashikilia blanketi tu. Alipobonyeza mara ya mwisho, zikashuka namba. Akazikagua. Akarudi juu, akakagua tena. Halafu akaniegemea begani akasema, kwa sauti ndogo, "Mifereji ya mwisho haipati maji. Ni kweli. Nilikuwa sahihi tangu mwanzo, nilikosea kujumlisha tu."

Mama mkwe alikuwa mlangoni. "Ameshiba?" akauliza.

"Ameshiba, mama," binti yake akajibu, huku analia na kucheka.

Tukabadilishana simu. Mimi nikarudi Mbeya na ile ya kwake iliyojaa, yeye akabaki na yangu. Nilimwachia masharti: aizungushie jani la kabichi akiwa njiani, na kwenye chumba cha kuwasilisha akae mbali na dirisha la jua. Alisema haya.

Jumatatu sikuuza kitu. Mteja aliomba mbegu ya karoti nikampa ya bamia, akanirudishia mwenyewe. Fundi alikuja kukaa na mimi, na kila aliyepita alimwambia, "Leo shemeji yangu anawasilisha. Kwa teknolojia ya baridi." Simu ilipoita tuliirukia wote wawili.

"Amepokea," mke wangu alisema. Alikuwa nje, nasikia upepo. "Mume wangu, msimamizi amepokea kazi. Akasema nimwonyeshe inavyokokotoa, nikaendesha palepale mbele ya walimu kwenye simu. Nasonga mbele. Sirudi."

Fundi akaninyang'anya simu akapiga vigelegele, mwanaume mzima, mpaka wauza nyanya wakasimama. Nilipoipata tena nilikuwa nimejipangusa machozi.

"Chumbani kulikuwa na baridi?" nikauliza.

"Kulikuwa na joto. Jua lilikuwa linapiga mezani kabisa."

"Na haikuyeyuka?"

Akacheka, lakini kwa upole, kama anavyocheka akinifunga kifungo nilichokosea.

"Sikiliza, mume wangu. Nimesoma maelezo jana. Baridi haihusiki, iwe kavu, iwe mbichi. Simu yako ikizima kioo inasimamisha kazi, ili itunze chaji. Igawa uliiacha mezani, dukani ukaitia mfukoni, nyumbani ukaifunika bakuli. Kwa mama tulikuwa tunafuta ukungu, kioo hakikuzima. Ni hivyo tu."